Picha Uliyomwonyesha Nangila

Kaptembwo, Nakuru

Mama mpendwa,

Mulembe. Pokea salamu kutoka kwa binti yako, pamoja na maswali yangu ya kawaida: goti linasemaje, unafika kanisani bila fimbo, na yule ng'ombe mwenye pembe moja ameacha ukaidi wa kupiga ndoo teke? Sisi huku tu wazima. Joyline amepoteza meno mawili ya mbele na sasa anacheka akiziba mdomo kama bibi harusi. Baba yake bado yuko kiwandani, analalamika na kushukuru kwa zamu. Mvua imenyesha, vumbi limelala, na habari ya bei ya sukari tuiache.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako unaiweka spika hata ukiwa kwenye foleni ya poshomili, na hii si habari ya kusikilizwa na wenye madebe ya mahindi. Tena nikisikia sauti yako najua nitaishia kukuuliza habari za kuku. Kwa hiyo nimempa Dalmas barua hii, maana lori lake linapeleka viazi huko kwenu. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe mke wa pasta akusomee.

Unajua niko katika kamati ya watoto ya lokesheni yetu, ile kazi ya kujitolea uliyosema hainunui hata chumvi. Asubuhi nafundisha nasari, mchana naenda huko. Mwaka juzi waheshimiwa wabunge walituma watu wao hapa Nakuru kukusanya maoni ya wananchi, ili sheria ya kuwalinda watoto wasitumikishwe iongezwe makali. Nilikwenda nikiwa na hasira. Nilikuwa nimechoka kuona mwenye nyumba aliyemtumikisha mtoto akishtakiwa huku yule aliyemtoa mtoto kwao akirudi kijijini kuchukua mwingine. Nilikuwa nimechoka na kesi zinazomalizwa kwa soda na samahani mbele ya afisa, mtoto akarudishwa jikoni kabla chupa haijaisha. Nilipopewa kipaza sauti sikutafuna maneno. Nilisema anayempeleka mtoto ahesabiwe kuwa na kosa sawa na anayemtumikisha, awe jamaa asiwe jamaa, awe amepewa kitu au hakupewa, na afisa aondolewe ruhusa ya kusamehe. Ukumbi ulipiga makofi mpaka nikaona haya.

Kamaljit alikuwa amekaa karibu yangu. Mimi ndiye niliyemwomba aje. Siku hizi amezeeka sana, watoto wake Sandeep na Reena walihamia ng'ambo, na duka la mabomba linaangaliwa na mpwa wake. Lakini bado ananiita Tufosa, vilevile kama siku uliyonileta kwake kufanya kazi ya nyumba, nikiwa na sanduku la bati. Tulipokuwa tukitoka alinishika mkono akaniuliza polepole, "Na mimi je, Tufosa? Ningefungwa?"

Nilicheka. Nilimwambia yeye alikuwa mtu wa aina nyingine, alinisomesha. Yeye hakucheka. Alisema kwamba siku zile nilikuwa mwembamba sana, na kwamba hata leo akikumbuka ile ndoo niliyokuwa nikibeba haelewi aliwezaje kukaa tu akinitazama.

Maoni yalipelekwa, muda ukapita, sheria ikakazwa. Maneno yale yamo ndani yake, karibu kama nilivyoyasema. Nilikuambia kwa simu, nawe ukasema Bwana asifiwe.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe, maana nimezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Wiki iliyopita afisa wa watoto, mama mmoja mwaminifu anayeitwa Jepkorir, aliniomba niandamane naye mpaka Molo. Kulikuwa na msichana kliniki ambaye muuguzi alikataa kumwachilia arudi alikotoka, naye mtoto hakutaka kuzungumza na mtu. Walihisi ni wa upande wetu, wakaona labda akisikia Kibukusu atafungua kinywa. Molo kulikuwa na baridi ile ya kuingia kwenye meno. Nilimkuta amekaa kitandani na sweta ya mtu mzima, mikono ameiweka mapajani, viganja vikitazama juu. Ilikuwa imepasuka kama kisigino. Vidole viwili vya kulia haviinuki tena. Alikuwa akiosha karoti za kupakiwa kwenye malori, kwa maji ya mtoni, tangu alfajiri, kisha akirudi nyumbani kulea mapacha wa tajiri wake. Shuleni hajawahi kuingia tangu afike.

Nilimsalimia kwa lugha yetu. Alinitazama sana, halafu akatabasamu kama mtu aliyeonana na jamaa. Akasema, "Wewe ni Truphosa wa picha."

Mama, alikuwa Nangila. Nangila wa Nicodemus, mwalimu wa kwaya. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa mdogo sana, ndiyo maana sikumtambua. Lakini yeye alinijua kutokana na picha yangu ya joho iliyo ukutani kwako, juu ya redio. Aliniambia ulimsimamisha mbele yake siku mlipoondoka, ukamwambia nami nilianza hivihivi, kwa kazi ya nyumba ya watu, na akiwa mtiifu naye atavaa joho. Aliniambia bila lawama yoyote. Alitaka kujua tu kama joho lile ni zito.

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji. Sikujua niende wapi.

Mwenye karoti anaitwa Wangare. Unamjua, mliimba pamoja kwenye kongamano la akina mama. Aliitwa kliniki akaja amejifunga leso vizuri, akaeleza kwa upole kwamba huyo ni mtoto wa jamaa, kwamba aliletwa asome, na kwamba shule ni muhula ujao. Nicodemus alipopigiwa simu alisema ni kweli, Wangare ni shangazi wa mtoto. Hawana undugu wowote, nikajua anakukinga wewe. Afisa alipomuuliza Nangila ni nani aliyemtoa nyumbani, mtoto alinitazama mimi usoni, kisha akatazama mikono yake, akasema hajui. Mtoto wa umri ule, Mama. Yeye pia alikuwa anakukinga.

Jepkorir alinivuta kando. Alisema kama hakuna atakayeeleza mtoto alivyofika pale na kwa makubaliano gani, basi Wangare ni shangazi mwema aliyekosea kidogo, na kesho Nangila atarudi kwake. Ananifahamu miaka mingi. Aliniuliza kama huyu mtoto nilikuwa namjua.

Nikamwambia ninamjua. Nikamwambia aliletwa na mama yangu mzazi.

Ndiyo hiyo, Mama. Ni mimi niliyekutaja, hakuna mwingine. Nilitaja jina lako lote, pamoja na la ubatizo. Nilieleza kwamba hukuchukua hata senti, kwamba kuku aliyekuletea Nicodemus ulimrudisha pamoja na mayai juu. Nilieleza kwamba akina mama wanakuja kwako kwa sababu wanaona picha yangu, na wewe huwezi kumkatalia mtu baraka ambayo wewe mwenyewe uliipata. Jepkorir aliacha kuandika. Alisema zamani angekuja kukukanya, mkanywa chai, yakaisha. Sasa hana ruhusa hiyo. Hakuniambia ni nani aliyemwondolea. Hakuwa na haja.

Nimejaribu kumtafuta mtu wa kukasirikia. Nimemkasirikia Wangare, nimemkasirikia Nicodemus, juzi nilimkaripia hata Joyline kwa kumwaga uji. Sheria yenyewe siwezi kuikasirikia, kwa sababu bila hiyo Nangila angekuwa mtoni asubuhi ya leo. Na wewe siwezi. Hukufanya jambo ulilolijua kuwa baya. Ulifanya lile ambalo mimi nilikufundisha kuwa ni jema.

Maana iko hivi, na hili nalo sijawahi kukuambia. Kamaljit alikuwa mwema kweli, na shule nilikwenda. Lakini nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nikianika nguo za Reena huku nalia, nikifikiria harufu ya jikoni kwako, halafu nikiingia ndani nakuandikia kwamba nimenenepa. Barua zangu zote za nyumba ile zilisema nimenenepa. Ulizisoma kanisani. Kama ningeandika hata mstari mmoja wa kweli, pengine ungenifuata, na ukutani kwako kusingekuwa na picha ya kumwonyesha mtu.

Nangila yuko katika nyumba ya watoto hapa Nakuru. Anakula. Vidole daktari anasema tusubiri. Ameniuliza mara nyingi kama Kukhu, ndivyo anavyokuita kama bibi yake, atakasirika kwamba hakuvumilia. Nimemwambia Kukhu hakasiriki. Naomba iwe kweli.

Watakuja Alhamisi ijayo, Jepkorir na askari wawili, watakuchukua uandikishe maelezo, na baada ya hapo mahakama ndiyo itakayosema. Nimetafuta wakili, hajaniahidi kitu. Usikimbilie Chwele kwa dada yako, itaonekana umejificha. Beba dawa ya goti na ile sweta ya kijani. Na Mama, najua ulivyo, utaona gari la wageni na utaanza kukimbiza kuku. Usiwachinjie. Hawataruhusiwa kula.

Walikuwa wameniuliza nyumba yetu iko wapi, nikajaribu kuwachorea, ikashindikana. Wageni wote hupotea pale poshomili, unajua. Kwa hiyo nitakaa nao kiti cha mbele niwaonyeshe pa kukata kona. Ukiona gari linaingia bila kuuliza njia, ujue ni mimi. Usinikimbilie kunikumbatia kabla hujasikia walichokuja kusema. Au nikimbilie, sijui. Sijui lipi nitaliweza.

Nisalimie mke wa pasta, nisalimie majirani wote wa upande wa mtoni, na umwambie Nicodemus simchukii. Joyline anakusalimu kwa pengo lake. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana Alhamisi.

Ni mimi mwanao,
Truphosa