Madirisha ya Nyumba ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Kwanza nikusalimu, maana hata mwenye hasira alilelewa na watu. Hujambo? Shemeji hajambo? Na watoto, wanaendeleaje na shule huko kwenye baridi? Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye mzima, ni magoti tu yanayomsumbua, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umemwona anachechemea. Baba mdogo yupo, na ubishi wake upo. Tunashukuru Mungu.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikianza kusema, unaniambia subiri kidogo, kuna mtu anaingia. Nikisubiri, unarudi na ile sauti yako ya vikaoni, na mimi najikuta naitikia ndiyo, ndiyo, kama niko mbele ya mkaguzi. Karatasi haikatizwi maneno. Tafadhali kaa chini uisome mpaka mwisho.

Nianze na sifa, usije ukasema nina kijicho. Hotuba yako ya kwenye ule mkutano wa afya tuliiona. Mfamasia wetu wa kituo cha afya aliipata kwenye simu yake, tukajazana kwenye chumba cha sindano kukutazama. Ulisema afya haianzii hospitalini, inaanzia pale mtu anapolaza ubavu. Ulisema dunia inawagawia maskini dawa huku ikiwanyima hewa, maji na paa, halafu inashangaa kwa nini wagonjwa hawapungui. Watu wa huko wakasimama kukupigia makofi, na sisi wa huku tukapiga. Mkunga alinikumbatia akasema kaka yako ametusemea. Siku ile nilitembea kichwa juu kana kwamba aliyesema ni mimi.

Baada ya hapo ukaja mwongozo, na jina lako liko chini yake. Ulituagiza manesi tusiishie kugawa vidonge vya kifua kikuu, bali tuwafuate wagonjwa makwao, tuone wanalala wangapi, moshi unatoka wapi na hewa inaingilia wapi. Wenzangu walinung'unika, wakasema mwongozo umekuja lakini nauli haikuja. Mimi nikayatetea maneno yako. Nikawaambia huyu anajua anachosema, mwacheni.

Mgonjwa wa kwanza niliyemfuata ni dobi mmoja tunayemwita Mama Kicheko, kwa sababu hana jambo asilolicheka. Mwaka jana alikuja kwetu na kifua kikuu, akameza dawa zake mbele ya macho yangu mpaka dozi ikaisha, akapona kabisa. Mwaka huu akaja tena, safari hii amembeba binti yake wa miaka sita, mwepesi kama furushi la nguo kavu, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Wiki hiyohiyo akaja jirani yao kinyozi, naye anakohoa. Vyumba vyao vinatenganishwa na ukuta usiofika kwenye paa, kwa hiyo kikohozi cha huyu ni cha wote. Daktari wetu alimwita yule mama mkaidi. Alisema watu hawa ndivyo walivyo, unawaambia wafungue madirisha, hawafungui. Nikamwambia ngoja nikajionee.

Nyumba yenyewe unaijua, kaka. Ni yetu. Ni ile safu ya vyumba aliyoijenga marehemu Baba nyuma ya soko. Nilipoelekezwa nilifurahi, nikajisemea afadhali, vyumba vile vina hewa. Miaka yote hii sikuwa nimetia mguu pale, kodi anakusanya baba mdogo na maamuzi unatoa wewe, lakini nilikumbuka Baba alivyogombana na fundi mpaka kila chumba kikapata dirisha la nyuma. Wewe ulikuwa unabeba maji, mimi mchanga, kwa sufuria bovu la Mama.

Madirisha hayapo! Yamezibwa kwa matofali, yote, kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Uchochoro wa nyuma umeezekwa mabati na kugeuzwa ghala la mfanyabiashara wa magodoro, na mwenye magodoro hakutaka wapangaji waichungulie mali yake. Chumba cha Mama Kicheko kimebaki na mlango tu. Humo analala yeye, mama yake mzazi na watoto. Humohumo anapiga nguo za watu pasi ya mkaa, maana akipigia nje, vumbi la soko linazirudisha kwenye beseni. Nilikaa kidogo tu, kichwa kikaanza kunigonga.

Sasa sikiliza. Palepale dirisha lilipokuwa, amebandika bango letu, lile la mradi wenu, la mama anayetabasamu akifungua dirisha na jua linaingia. Nikamuuliza kwa nini amelibandika hapo. Akacheka weee, akasema si mlituambia kila mtu alale penye dirisha, basi nesi, langu ni hilo, hebu nisaidie kulifungua maana bawaba zake ngumu. Mama yake akacheka, watoto wakacheka. Mimi nililia, kaka. Nililia mbele ya mgonjwa, jambo tulilokatazwa tangu chuoni. Hawakujua mwenye nyumba ni nani. Wakimuuliza baba mdogo, huwaambia mwenye nyumba yuko mkutanoni.

Nikakupigia. Ulivyonijibu unakumbuka, lakini nataka uyasome maneno yako ukiwa peke yako, bila mtu wa kukupigia makofi. Ulisema mwenye magodoro ana mkataba. Ulisema vyumba ni vya kupanga, asiyeridhika ahame. Ulisema suala la makazi ni pana, linahitaji sera, halitatuliwi kwa nyundo. Halafu ukaniambia nisichanganye kazi na familia. Nisichanganye! Hivi aliyechanganya ni nani? Nani alichukua nyumba ya familia akaigeuza kiwanda cha wagonjwa wa kazini kwangu? Nyani haoni kundule, sawa, hilo tumelizoea. Lakini wewe umeshika na kijiti cha kuwaonyesha wenzako ya kwao.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maneno yako ni ya kweli. Ungekuwa mjinga ningekusamehe. Ungekuwa huamini unachosema ningekuita tapeli nikalala usingizi. Wewe unajua. Unajua kuliko sisi wote, umesomea, umeandika, unawafundisha mataifa, na mdomo huohuo ukaagiza matofali. Mimi sijifanyi malaika, ada ya chuo changu ilitoka kwenye vyumba vile, nami niliila bila kuuliza. Lakini wakati ule vilikuwa na madirisha, kaka.

Nikaenda kwa Mama, nikidhani atanielewa. Unavyomjua kwa habari zako! Akaniambia nisimwandame mwenzangu, ana mambo mengi kichwani, akija atatengeneza. Nikamwambia kikohozi hakina kalenda. Akasema sauti yangu imepanda na majirani wanasikia. Basi nikanywea, nikarudi kazini nimefura.

Mtoto akazidiwa. Maji yalijaa upande mmoja wa kifua, akapelekwa hospitali kubwa, wakamchoma sindano wakayatoa. Kuna siku nilimtazama nikasema huyu hatufiki naye popote. Lakini ana roho ngumu yule, akarudi, akaanza kuomba chakula. Ndipo daktari wa wodi akasema kitanda kinahitajika, mtoto aende akamalizie dawa nyumbani, ila mama ahakikishe hamrudishi kwenye chumba kile. Akasema hivyo akaendelea na kitanda cha pili, kana kwamba vyumba vinaokotwa njiani. Mama Kicheko alizunguka kila mahali. Wenye nyumba wakisikia mtoto anakohoa, chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Akaja kwangu, na hakucheka. Aliniuliza, nesi, nimrudishe palepale nikamzike, au nikae naye barabarani? Mimi ninalala na muuguzi mwenzangu kwenye chumba kimoja cha kazini.

Kabla mtoto hajatolewa wodini, nikamwomba Mama anisindikize kule chumbani, nikamwambia tunakwenda kumjulia hali mgonjwa wangu mmoja, basi. Tulipoingia mvua ikashuka, mlango ukafungwa maji yasiingie. Tukakaa gizani na pasi ya mkaa. Mama alipapasa ukuta wa nyuma kwa kiganja, akauliza dirisha liko wapi, maana yeye ndiye aliyempikia fundi siku lilipowekwa. Mama Kicheko hakumjua. Akamjibu kwamba limezibwa kwa amri ya mwenye nyumba, na kwamba yeye hamlaumu sana mtu yule, pengine hakuwa na mama wa kumfundisha. Mvua ilipokatika tukatoka, Mama akatangulia mbele.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nitafute karatasi.

Unakijua chumba chako hapa nyumbani. Tangu uondoke Mama hajaruhusu mtu alale humo. Kitanda chako kimetandikwa, suti zako zinaning'inia, vyeti vyako viko ukutani. Na kila asubuhi, kwa magoti yaleyale, anaingia anafungua madirisha yote mawili, jioni anayafunga, ili ukija usikute harufu ya uvundo. Siku ile tuliporudi, aliingia humo akakaa kitandani muda mrefu. Kisha akaniita. Alisema miaka yote hii amekuwa akikitafutia hewa kitanda kitupu, na mtoto wa watu anakufa kwa kukosa hewa ndani ya nyumba ya mumewe. Akanipa ufunguo.

Kaka, chumba chako kina watu. Mama Kicheko, mama yake na watoto ndio wanaolala humo. Usiwe na wasiwasi kuhusu Mama. Makohozi ya mama yule na ya bibi nilihakikisha yamepimwa upya, ni safi, na mtoto anameza dawa zake mbele yangu. Vyeti vyako nimevifunga kwenye nailoni, suti ziko kwenye sanduku. Usije ukasema nilimshawishi Mama. Amri ni yake. Ila godoro lako nililibeba mimi kichwani, nikapita nalo katikati ya soko, na nililibeba kwa furaha. Hilo ndilo ninaloungama, na sijutii.

Tumelipeleka, pamoja na kitanda chako, kwenye chumba alichohama Mama Kicheko. Kitanda tumekifunga vizuri, sakafu nimeipiga deki mwenyewe. Uliandika kwamba mwezi ujao unakuja na wageni wa ofisini kwenu waone kazi inavyofanyika huku mashinani. Karibuni sana. Wageni wako watafute hoteli. Wewe Mama amesema utakula kwake kama kawaida, atakupikia unachopenda, lakini usiku utalala kule, kwenye nyumba ya baba yako, mpaka utakapoamua mwenyewe kuhusu yale matofali. Ufunguo uko kwa baba mdogo. Alibisha, lakini Mama alimtazama tu, akaupokea.

Fundi yupo, nimeshaongea naye. Anachosubiri ni neno lako kwa mwenye magodoro. Kumbuka chumba ulichopewa ni kimoja tu, na vingine vina watu waliolala humo jana na watakaolala humo leo, kinyozi akiwa mmojawao, na hao hawana mama mwenye chumba cha akiba.

Nisikuchoshe. Nisalimie shemeji na watoto, waambie shangazi yao anawapenda na ugomvi huu hauwahusu. Mama anakusalimu, kwa kweli anakusalimu, alirudia mara mbili nisije nikasahau. Baba mdogo anasema tusimtaje.

Mama Kicheko naye ameshajua nyumba ni ya nani. Ilibidi nimwambie. Nilijua atakutukana, nikajiandaa kukutetea, maana damu ni damu. Hakukutukana. Aliuliza kama una kifua imara, kisha akanituma nikuambie kitanda ukisogeze karibu na mlango, na mkaa ukishawaka, mlango usiufunge.

Ni mimi mdogo wako,
Nesi