Sombe ya Mama Siti

Lulimba, 5 Agosti 1956

Yaya Saumu, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi afya imenigeuka. Mara mbili nimekula ndagala, mara mbili midomo ikavimba na koo likaziba. Casimir, muganga wa dispanseri ya mgodini, anasema mwili wangu umekataa samaki, nisiguse tena hata mchuzi. Nilimcheka. Mtu aliyekulia Baraka, kando ya ziwa! Lakini mara ya pili nilikiona kifo, yaya.

Nitakapokwenda Mboko kumposa Hawa, nimweleze mama yake?

Mdogo wako,
Nasoro

Baraka, 17 Agosti 1956

Mdogo wangu Nasoro,

Barua imefika. Tu wazima, ila kikohozi cha watoto. Huyo Casimir akuache. Mama alipofariki, ndagala ndizo nilizokutafunia ulipoota meno. Leo ndizo zikuue?

Usimweleze mtu. Nani atampa binti yake mtu wa ziwani anayeugua samaki? Na desturi unaijua: Mama Siti, mama yake Hawa, ataonja chakula mbele yako. Akishaonja, ukikataa umemwita mchawi, na Hawa umemkosa. Kula kidogo, baba. Matonge mawili tu.

Yaya wako,
Saumu

Lulimba, 30 Agosti 1956

Yaya,

Pole na watoto. Naogopa, sikufichi. Lakini wewe ndiwe mama na baba yangu, na Hawa nampenda. Ijumaa ijayo nitakuwa Mboko. Nitakula kwa sababu umesema. Niombee.

Mdogo wako,
Nasoro

Baraka, 20 Septemba 1956

Nasoro wangu,

Hali sikuulizi. Tulikuzika Mboko Jumamosi ile, uso umevimba hata nikakutambua kwa mikono.

Mama Siti alionja sombe, yale majani ya muhogo. Ndagala zilikuwa zimetwangwa humo. Ukala matonge mawili, kama nilivyokuagiza.

Sasa wajomba zetu wanasema: "Ule mama iko na sumu mu kucha. Alionja upande yake tu." Wanataka kumchomea nyumba. Juzi Hawa alikuja hapa kwa miguu, akanishika magoti: "Yaya, mama hakumutilia kitu. We unajua Nasoro alikuwa na nini?" Nikasema sijui. Barua zako zilikuwa chini ya mkeka niliokalia.

Kesho wajomba wanakwenda Mboko. Nitawatangulia alfajiri. Nitazisoma mbele ya watu wote, hata pale ulipoandika kwamba utakula kwa sababu nimesema.

Jina la yaya sithubutu kulitia hapa.

Saumu