Mutu Aliyetoka kwa Mulango wa Upande

Kashikishi, Nchelenge
Tarehe 16 Machi 2025

Mpendwa yaya Mathilde, dada yangu mukubwa,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Habari za Kolwezi? Goti lako linaendeleaje? Na ile mvua, ilishaacha kuingia jikoni? Miye niko muzima, ila nimekonda, na sababu ya kukonda utaisoma hapa chini. Usishtuke, si ugonjwa.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Unanijua, yaya. Simu siiamini, sauti ya mutu siku hizi inaibiwa kama kuku. Barua hii nitaitia mukononi mwa Berthe, yule mama wa Kilwa ya kwetu Kongo anayenunua samaki huku na kuvusha ziwa, na bahasha nitaifunga kwa bukari, ugali wa moto. Ukikuta imefunguliwa, unijulishe. Sisemi Berthe ni mubaya. Nasema tu.

Bon, habari za kazi. Kanisa la huku ng'ambo ya ziwa, upande wa Zambia, ni zuri, bati mupya, Wakongo na Wazambia wanakaa benchi moja. Miye nafundisha kwa Kiswahili, muzee Goodson, mwenyeji wangu, anatafsiri kwa Kibemba, maana Kiswahili hapa ni cha sokoni. Nikisema kidogo, yeye anasema kirefu, na watu wanatikisa kichwa. Mwanzoni nilimuangalia sana kwa hilo. Mutu anaongeza nini pale?

Waliniita nifundishe wakati ziwa limefungwa. Kila mwaka serikali inakataza kuvua mpaka mwezi wa tatu, samaki wazae, kwa hiyo wavuvi wako nyumbani na kanisa linajaa. Na mwishoni walitaka nimuwekee mikono Ghislain, awe muzee wa kanisa. Ghislain ni kijana wa kwetu, wa Pweto, muchuuzi wa samaki, ameoa hapa binti mumoja anaitwa Tamara. Yaya, kanisa hili lilikuwa na shida kweli. Muzee wao wa zamani alikufa, na pasta wao anakaa Mwansabombwe, anakuja mara moja moja. Wagonjwa wanabaki bila kuombewa. Mutoto wa mutu alizikwa kimya, hakuna wa kusema neno kaburini.

Lakini kumuwekea mutu mikono si muchezo. Nikawaambia, nitamuangalia kwanza.

Na nilimuangalia! Unajua sifungi macho wakati wa maombi, wewe mwenyewe ulikuwa unanifinya tukiwa watoto. Mukoba wangu, ile sakoshi, kati ya miguu, macho wazi. Njo vile niliona kitu. Kila mara mama Katongo akiingia kwa mulango mukubwa, Ghislain anatoka kwa mulango wa upande. Hata katikati ya sala. Anainuka pole pole, anainama, huyo, kaenda.

Mama Katongo ni mujane, mukubwa wa wamama wa kanisa, njo anaanzisha nyimbo. Wote wanamuita mayo, yaani mama, wakubwa kwa wadogo. Na yeye akimuona Ghislain kwa mbali, anavuta kikwembe juu ya kichwa na kugeukia ukuta. Nikajisemea, Evariste, hapa kuna jambo. Huyu kijana alimufanyia huyu mama kitu. Ameiba nyavu? Amemusingizia uchawi? Nikauliza watu wawili watatu kama kuna mutu aliibiwa, wakasema hakuna.

Tukaenda kuhubiri kisiwani Chisenga. Mutumbwi wa injini ulikuwa na nafasi, miye nimekaa, kwaya imekaa, mama Katongo amekaa. Ghislain akafika pwani, akaona nani yuko ndani, akarudi nyuma. Alitufuata na mutumbwi wa wachuuzi, umejaa mafuta ya kupikia na sabuni, akafika jua limeshakuwa kali. Nikamuuliza, kwa nini hukupanda na sisi? Akacheka chini chini: "Pasta, nilikuwa na kazi kidogo." Kazi gani, ziwa limefungwa? Aa, nikasema, huyu anavusha vitu vya siri, na mama anajua.

Halafu ikaja mambo ya chakula, na hapo njo nilianza kukonda. Mama Katongo ndiye alikuwa anapika kwa ajili ya wageni. Akitokea na sufuria, Ghislain anainuka, anaacha maji ya kunawa, anaenda kukaa nyuma ya nyumba. Hakugusa chakula cha yule mama hata siku moja mbele yangu. Yaya, ungefikiri nini? Miye nilifikiri sumu. Kama mutu wa hapa hapa haonji, miye mugeni nitaonja kwa nguvu gani? Nikasema tumbo linanisumbua. Nikaishi kwa biskuti na ndizi za sokoni, na yule mama kila siku analeta sahani imefunikwa vizuri, anapiga magoti, anairudisha imejaa.

Alors, nikaona nimalize hili jambo kikanisa. Jumapili ya meza ya Bwana nilifundisha juu ya kupatana na ndugu yako kabla ya kuleta sadaka. Nikafundisha kwa moto, Goodson akatafsiri kwa moto. Kisha nikasema: Ghislain, simama hapo. Mama Katongo, njoo hapa mbele.

Goodson akaacha kutafsiri. Nikamuambia, tafsiri. Akanisogelea sikioni: "Pasta, mukwai, tafadhali, tuache hiyo." Unaona? Na yeye ameingia katika siri yao! Basi nikafanya mwenyewe. Nikamushika Ghislain mukono kabla hajaufikia ule mulango wake wa upande, nikamuvuta, nikaenda naye mpaka kwa benchi ya wamama, nikautia mukono wake ndani ya mukono wa mama Katongo. Nikasema kwa sauti, mupatane!

Yaya, wamama walipiga kelele kama nyumba inaungua. Mama Katongo aliuchomoa mukono wake, akajifunika uso wote, akaanguka kati ya mabenchi. Ghislain akakimbia. Tamara akasimama analia, anamuita mayo, mayo, akaenda kumufunika na mwili wake. Na meza ya Bwana imeandaliwa pale, mukate na yote, hakuna aliyekuja. Watu walitoka mumoja mumoja, bila kuniangalia.

Ni Goodson aliyenieleza, tumebaki sisi wawili. Mama Katongo ni mama muzazi wa Tamara. Donc ni mama mukwe wa Ghislain. Na kwa Wabemba, mukwe hakai mahali pamoja na mama mukwe, hamutazami, hali chakula mbele yake, mpaka siku mama mukwe mwenyewe amupikie na kumuingiza rasmi nyumbani kwake. Mama Katongo alikuwa anangoja ziwa lifunguliwe apate samaki wabichi wa kumupikia vizuri. Ghislain, mutoto wa Pweto, alikuwa anashika heshima ya kwao muke wake kuliko hata wenyeji. Njo kazi yake kidogo.

Nikamuambia Goodson, mbona hukuniambia? Akajibu: "Pasta, kila mutu anajua. Wewe uliuliza nani ameiba. Hukuuliza nani ameoa kwa nani."

Nilipata haya, dada yangu. Haya ya kushuka mpaka magoti. Na sisi Waluba tuko na mambo ya bukwe, si unakumbuka babu alikuwa anaingia ndani ya majani akisikia sauti ya mama mukwe wake njiani? Tulicheka sisi. Lakini miye nimezeekea Lubumbashi, ambako mukwe na mama mukwe wanagombania paja la kuku sahani moja, na akilini mwangu kulikuwa kumejaa wezi tu. Heshima ilipita mbele yangu kila siku, nikaiona ni hatia.

Ghislain alivuka kwenda Chisenga, hakurudi. Mama Katongo hakuja tena kanisani, na bila yeye nyimbo zilikuwa zinaanza juu sana au chini sana. Tamara ana mimba, alikuwa anapita mbele ya nyumba ya Goodson bila kusalimu. Wakasema mugeni amevunja nyumba. Walisema kweli.

Goodson akanifundisha la kufanya. Nikanunua kuku na kikwembe kizuri, nikaenda, nikakaa chini nje ya mulango wa mama Katongo, kwenye udongo, na suti yangu ile nyeusi. Alinikalisha pale mpaka nilichoka. Kisha akatoka, akachukua kuku, akasema neno moja, Goodson akatafsiri: "Muulize, sasa tumbo limepona?"

Goodson akacheka mpaka akashika ukuta. Na miye nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Ziwa lilipofunguliwa, mama Katongo akatuma mutu Chisenga. Ghislain akarudi, amekonda kuliko miye. Kumbe kwa sherehe ile mukwe lazima awe na watu wake wa kukaa naye, na yeye hapa hana ndugu. Wakaniita miye. Tuliketi juu ya mukeka, mukwe kichwa chini, wamama wanaimba, na mama Katongo mwenyewe akafunua sufuria moja moja: samaki wabichi, kuku, maharagwe, bukari nyeupe. Watu wa mukwe njo wanaonja kwanza. Nilikula, yaya. Nilikula mpaka wamama wakaanza kunitania. Katika maisha yangu sijakula samaki kama wale, na nikiwaza sahani zote nilizorudisha, naumia mpaka leo.

Nilifikiri sasa mambo yamenyooka, nitamuwekea Ghislain mikono jana Jumamosi, halafu niende zangu. Wakaniita watu wa kanisa. Goodson alizunguka zunguka maneno, mwisho akasema: Ghislain atakuwa muzee wa kanisa, ndiyo, wote wamekubali, lakini mikono atawekewa na pasta wa Mwansabombwe. Wataungojea ujio wake. Hawakusema kwa ubaya. Iliniuma sana, nakuambia wazi. Nilivuka ziwa kwa ajili ya kitu kimoja, na kitu hicho kimoja hawakutaka kitoke mukononi mwangu. Na walikuwa na haki.

Halafu mama Katongo akasema nipige magoti, waniombee safari. Nikapiga magoti, sakoshi kati ya miguu kama kawaida. Wakaniwekea mikono wote. Wa Ghislain niliujua, ulikuwa unanuka samaki, uko katikati ya kichwa changu, na wa mama mukwe wake uko kando, unaugusa wake bila woga. Ghislain akaomba kwa Kiswahili cha kwetu, polepole. Yaya, nilifunga macho.

Nilipoyafungua, sakoshi ilikuwa imefunguliwa. Sitakudanganya, yaya. Nikatia mukono haraka. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na juu yake samaki wakavu wamefungwa ndani ya kipande cha kile kikwembe nilichomupa mama Katongo.

Nisalimie Cadette na watoto wote, na muzee Ngoy jirani yako. Nisalimie sana mukwe wako Ruffin, yule niliyesema macho yake hayatulii. Mwambie nikija nitakaa naye, tuongee. Bwana akulinde, akuponyeshe goti, na nyumba yako isikose watu wa kukaa mukekani.

Nusu ya wale samaki nimempa Berthe akuletee. Sikuwahesabu.

Wako akupendaye, mudogo wako,

Evariste