Pua ya Kituo

Jumatatu, 3 Machi
Mikebe arobaini na miwili ya maziwa leo hapa kituoni. Nafungua kifuniko, nainamisha pua, naitikia kwa kichwa, yanamwagwa kwenye tangi. Wiki ya tatu tangu homa ile iniangushe, na sinusi chochote. Kipimo cha spiriti kinakamata maziwa yaliyochacha tu. Yanayonuka kitunguu au mafuta ya taa, hayo ni kazi ya pua. Sijarudisha mkebe hata mmoja. Wafugaji wanasema siku hizi nina roho safi. Wajinga.

Jumatano, 5 Machi
Molo hadi Nakuru, hospitali. Karani akauliza shida, nikamwambia sisikii. Akapaza sauti kama ananiita kutoka ng'ambo ya barabara. Nilidhani ni adabu zake mbovu. Saa mbili kwenye foleni, kisha nikavishwa vidude vya masikio na kupewa kitufe, nibonyeze kila vinapolia. Nikabonyeza kila mara. Masikio mazima kabisa. Hapo ndipo nikasema ni harufu nisiyosikia. Fundi wa masikio alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nirudi Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari, msichana mpole. Chupa kumi na mbili, nimefumba macho. Kila chupa ananitajia majina manne, nichague. Kahawa, ndimu, sabuni, samaki. Nilibahatisha. Nikapata tatu. Akasema hata asiye na pua angepata tatu. Chumvi na sukari ulimi uliziona. Pua inaweza kurudi, akasema, au isirudi. Akaandika barua ya kumpa meneja. Miaka kumi na tano naitwa Pua, halafu barua. Nimeificha kwenye Biblia.

Jumamosi, 8 Machi
Kiwanda kimerudisha tangi zima. Linanuka dawa ya kupe. Meneja alikuwa amewaka. Mtu fulani akamtaja Nyambura, mjane mwenye ng'ombe mmoja, kwa kuwa alimwogesha dawa juzi. Meneja akanigeukia mbele ya wote: "Pua, ni yake?"
Nikasema ndiyo.
Nyambura akaambiwa asilete tena. Aliniangalia tu. Nimejichukia tangu saa nne asubuhi.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Biblia iko na barua ndani.

Jumatatu, 10 Machi
Nimempa meneja barua. Nimemwambia pia kuhusu Jumamosi, kwamba nilisema ndiyo bila kunusa kitu. Akachukua kipimo cha spiriti mkononi mwangu. Kuanzia leo ninaosha mikebe. Sikuomba afikirie tena.

Alhamisi, 13 Machi
Nyambura ameitwa arudi. Mpimaji mpya alinusa maziwa yake, akayapitisha. Nilimfuata Nyambura hadi kwenye mfereji wa kuoshea mikebe, nikamwomba msamaha. Nikamweleza ugonjwa, vipimo, yote, kwamba pua yangu imekufa.
Akasikiliza mpaka mwisho.
"Lakini si pua iliyosema ni yangu," akaniambia. "Ni wewe."
Akaniachia mkebe. Nikauosha, nikausuuza, nikauinamisha juani ukauke.