Kipimo cha Sukari cha Baba Kulwa

Jumatatu, 2 Juni 1986

Nimechemsha mkojo kabla ya chai, kama kila siku. Dawa ya bluu ndani ya kibomba cha kioo, matone manane ya mkojo wa mume wangu, sufuria ya maji juu ya jiko la mafuta ya taa. Ikibaki bluu, hana sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Ikiwa rangi ya tofali, imejaa. Leo bluu. Wiki ya tatu sasa, bluu tupu. Baba Kulwa anafurahi kama mtoto aliyeshika namba moja. Amepunguza sindano yake ya insulini tena.

Kazi hii inanitia kinyaa. Sufuria ile nimeitenga, nimeifunga uzi mwekundu mpini asije mtu akapikia. Mwanzoni nilikuwa natapika. Siku hizi hata harufu siisikii. Kuzoea mkojo jikoni, hilo nalo linanichukiza.

Alhamisi, 5 Juni

Masanja amekuja kutoka Kharumwa. Mdogo wake Baba Kulwa, ananunua dhahabu kwa wachimbaji. Saa kubwa mkononi, marashi mpaka macho yanawasha. Ameleta mashine ya kupima sukari kwenye damu. Ukubwa wa redio ndogo, ndani ya mfuko wa ngozi. Unatoboa kidole, tone la damu kwenye kijikaratasi, unasubiri, unafuta kwa pamba, unakiingiza. Namba zinawaka.

Majirani wamejaa sebuleni. Baba Kulwa ameishika kama mtoto mchanga.

"Shemeji, achana na kuchemsha mikojo," Masanja akasema mbele ya watu wote. "Hii ndiyo wanayotumia wakubwa."

Wamecheka. Kwa malipo anataka ng'ombe wetu, yule mtamba mwekundu. Baba Kulwa ameshakubali, hakuniuliza. Nimeomba siku kumi za kuijaribu. Masanja hakupenda.

Ijumaa, 6 Juni

Pua yangu nzima kabisa. Leo shuleni nimeisikia harufu ya choo cha wavulana tangu getini. Kwa nini basi nyumbani sisikii kitu?

Nimerudi nikainusa chupa ya mkojo aliyoniachia Baba Kulwa asubuhi. Nikachovya kidole. Nikalamba. Mimi, mwalimu wa darasa la sita, nimelamba mkojo wa mume.

Si mkojo. Ni maji yaliyotiwa chai kidogo. Chai isiyo na sukari.

Wiki tatu nimemchemshia chai.

Sijamwambia. Nimekaa nyuma ya nyumba mpaka giza likaingia. Namchukia leo. Naandika hivyo na sifuti.

Jumapili, 8 Juni

Hakwenda kanisani. Alisema viatu vinambana. Nilipoinama kumvua soksi, ikagoma. Imegandamana. Nikailowesha kwa maji ya uvuguvugu. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto ni cheusi, usaha pembeni, harufu ya nyama iliyosahaulika juani. Nimetapika mlangoni.

"Tangu lini?"

"Kiatu kilinikwaruza kazini, ghalani. Kidole hakiumi, Mama Kulwa."

Hakiumi. Ndiyo maana nimeogopa; sukari imeshaua hisia za mguu.

Nikamwambia habari ya chai. Alitazama ukuta. Kisha akasema yote, bila kuulizwa. Matobolwa, anakula ghalani na wapakiaji wa pamba, kila siku, kopo zima. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, utamu mtupu. Alichoka kuniona nikikunja uso mbele ya kile kibomba. Akitoa bluu, uso wangu unalainika.

Kwa hiyo na mimi nimo. Nilitaka bluu, nikapewa.

Jumatatu, 9 Juni

Zahanati ya misheni. Sista Veronika, muuguzi mkuu, alifungua kidonda akakifunika tena upesi.

Amempima kwa vijiti vyake. Si mashine. Kijiti chembamba, tone la damu, dakika moja kwa saa ya ukutani, unafuta, unalinganisha rangi na zile za kwenye kopo. Kiligeuka kikapita rangi ya mwisho. Insulini imerudishwa, na kuongezwa. Kesho hospitali, kidole kinakatwa.

Amenipa kopo moja la vijiti na wembe. "Mwalimu, kipasue kwa urefu, kimoja kiwe viwili. Rangi utaiona tu."

Jumamosi, 14 Juni

Kidole kimekatwa Jumanne. Mguu umebaki. Daktari amesema wiki moja zaidi na lingekuwa goti. Amelala wodini, ananuka dawa. Afadhali harufu hiyo.

Masanja amekuja kumwona kaka yake, na kuuliza habari za mtamba. Nikamwambia tupime kwanza. Nilikuwa na mashine mkobani. Nikatoboa kidole changu. Mia na kumi. Nikamtoboa yeye. Mia na kumi na mbili. Nikamtoboa Baba Kulwa, ametoka kula uji. Mia na nane, kana kwamba hana ugonjwa.

Kisha nusu ya kijiti cha Sista, damu ile ile ya Baba Kulwa. Kijani kibichi, karibu kuwa cheusi; kwenye kopo la Sista hiyo ni sukari nyingi.

Nikageuza kopo la karatasi za mashine. Mahali pa tarehe pamekwanguliwa kwa wembe. Zimekufa zamani, hazibadiliki rangi tena, na mashine inasoma ilichopewa.

"Ulijua?"

"Shemeji, mashine yenyewe ni nzima, mayu, mama yangu. Karatasi tu ndizo..."

"Ulijua."

Angemwua kaka yake kwa namba nzuri. Nimemrudishia mfuko wake wa ngozi. Marashi yake yamebaki kwenye viganja vyangu, nimenawa mara mbili.

Baba Kulwa alisikia yote. Alifumba macho akasema, "Masanja, nenda nyumbani." Basi.

Jumapili, 22 Juni

Amerudi nyumbani na mkongojo. Anataka kujua kama bado ninamchukia. Nimemwambia kidogo. Akasema anastahili. Nimechagua vijiti, nimemwambia, si mashine. Hata kama mashine ingekuwa nzima, karatasi zake tungezipata wapi Shinyanga? Vijiti Sista anavipata, na macho tunayo. Hakubisha.

Kibomba nimekirudisha shuleni, kwenye kabati la sayansi.

Jumanne, 1 Julai

Asubuhi baridi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, ameshatoboa kidole mwenyewe. Ameshika nusu kijiti kwenye mwanga, macho kwenye saa. Sikumsogelea.

Alilinganisha na kopo muda mrefu.

"Imepanda," akasema. "Jana kwa jirani, mzee Maduhu, nilikula matobolwa. Mawili."

Nikaleta sindano. Akainua shati mwenyewe.