Nusu ya Mwezi Uliyonipa

Habiba, mke mwenzangu,

Amezaliwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiliulizia kila mtumbwi uliposhuka kutoka Chara kuja huku Kau, na ulikufa hujalisikia. Ni mtoto wa kike, mzima, na kwa sauti amenishinda. Bwana Shee, mume wetu, anasema sasa nyumba ina watu wawili wa kubishana naye. Nimemwambia asubiri huyu aote meno.

Unanijua mimi. Nimebishana na walimu wa Kipini, wakaniandikia, nikawajibu, wakaandika tena, nikawajibu mpaka wakanyamaza. Baba aliniachia vitabu vyake vya Kiarabu na ulimi wake, na watu wa hapa husema afadhali angeniachia mnazi mmoja. Lakini leo sina wa kubishana naye. Nimempakata mtoto, kalamu iko mkononi, na mkono unasita kama wa anayejifunza alifu. Nimestaajabu, Habiba. Nimetafuta neno lingine la kukuandikia na sikulipata.

Unakumbuka walivyonisema. Tasa. Wifi yetu alisimama mlangoni pangu akasema nyumba isiyo na kilio cha mtoto ni nyumba ya kupangisha, na kwamba mpunga ukishavunwa kaka yake atanirudisha kwa ndugu zangu Kipini. Bwana Shee alikuwepo. Aliangalia viatu vyake. Kwake hakukuwa na kasoro ya kutafutwa, kwa sababu wewe ulikuwa umemzalia Jilo na Buya, basi kasoro ilikuwa yangu, na hukumu imekwisha. Nilivaa hirizi za wifi mpaka shingo ikawasha. Nilikunywa makombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nilifungua vitabu.

Vitabu vya tiba alivyoniachia baba vilisema jambo moja, kila kimoja kwa maneno yake: mwanamke akimaliza hedhi na kuoga, tumbo la uzazi huwa safi na wazi, na hizo ndizo siku za kushika mimba. Niliamini. Bwana Shee alikuja Kau mwezi ukiandama, na hedhi yangu ilimfuata nyuma kama mzigo uliosahauliwa mtumbwini. Nikangoja. Nikaoga. Tukapata zile siku zetu chache zilizosifiwa na matabibu, kisha mwezi ukapevuka, naye akapanda mtumbwi kuja kwako Chara mpaka mwezi ufe. Nusu ya mwezi kwangu, nusu kwako. Watu walimsifu kwa uadilifu wake. Hakuna aliyeuliza ile nusu yangu ilikuwa na nini ndani yake.

Mpaka siku ile nilipokuja kukusaidia mavuno. Waorma walikuwa wameleta ng'ombe mtoni kwa ajili ya kiangazi, nasi tumekaa mbele ya nyumba yako, wewe na mchi, mimi na ungo. Ng'ombe mmoja alikuwa hatulii, anawapanda wenzake, na nyuma yake umening'inia ute mrefu mweupe, unang'aa juani kama kamba ya kioo. Yule mama wa Kiorma aliyekuja kuuza maziwa akamtazama, akasema, "Leo anataka. Mkileta dume kesho kutwa, atampiga teke." Ukacheka mpaka ukashika kiuno. Ukaniambia kwa Kiswahili chako cha huko kwenu Ndera, "Bi mkubwa wa karatasi, na wewe kamba yako yashuka lini?"

Nilikupiga na ungo. Kisha nikaanza kuhesabu siku kwa vidole.

Kwa sababu nilikuwa najua. Kila mwezi nilikuwa nauona, mwepesi, unavutika kama ute wa yai, na pamoja nao kitu kinavuta upande mmoja wa tumbo, na hamu ya mume isiyoondoka hata nisome nini. Nilidhani ni maradhi ya upweke. Ulikuja mwezi ukishapita upevu, siku chache baada ya mtumbwi wake kuondoka. Ulipokauka, alikuwa bado yuko kwako.

Uliacha kucheka kabla sijasema neno. Uliweka mchi chini taratibu, kama mtu aliyesikia mamba majini. Ukasema, "Jilo nilimpata siku za utelezi. Na Buya." Kisha ukasema, "Na siku zako wewe, yeye yuko kwangu."

Usiku wa kusoma wa miaka yote ile, Habiba, na sikuwa nimewahi kujiuliza walioandika vile vitabu walijuaje. Walikuwa wanaume. Kuoga kwa mke walikuona: maji yamechotwa, nywele zimelowa, basi wakaandika juu ya kuoga. Ule utelezi hawakuuona, na wake zao hawakuwaambia, kwa kuwa hakuna aliyewauliza. Sisemi neno juu ya dini. Kuoga ni wajibu, na nitaoga mpaka nife. Lakini ni tabibu, si sheria, aliyedai kwamba mtoto anangoja kwenye mlango wa bafu, na tabibu nitambishia hata akiwa kaburini.

Wewe hukubisha. Ulisema, "Chukua nusu yangu." Nikakuambia hujui unachotoa, kwamba siku zako na zangu zinakwenda pamoja, na kwamba ukinipa za kwako hutabaki nazo. Ukanijibu, "Mimi ninao wawili, na hao wanataka dada." Ukaokota mchi, ukaendelea kutwanga.

Ili nusu zibadilishane, ilibidi abaki Kau mwezi mzima, na zamu yako moja ipite bure. Alikataa. Alisema watu watamwona dhalimu. Ulikuja mwenyewe na mtumbwi, ukasimama uani kwangu, matope mpaka magotini, ukamwambia, "Zamu ni yetu sisi wake, na sisi tumepatana. Wewe kazi yako kukaa pale unapoambiwa." Akarudisha mzigo wake ndani, akabaki. Na huko Chara walisema umeachwa. Walisema mke wa mjini amekurogea mume. Mimi ningewajibu kurasa kwa kurasa. Wewe ulikwenda shambani kama kawaida.

Mwezi wa kwanza haukuleta kitu. Uliofuata pia. Nikalia, nikasema tumejidanganya, ng'ombe ni ng'ombe na mimi ni mimi. Ukaniletea samaki wa kukaushwa kwa mpiga kasia, na maneno aliyoyasema mbele ya wanaume wote wa gatini bila kujua maana yake: "Mwambie Bi mkubwa, hata ng'ombe hashiki kila mara." Nilicheka peke yangu njia nzima kurudi nyumbani.

Kisha mwezi ukaandama, hedhi haikuja. Ukaandama tena, haikuja. Na mimi, ninayesema kila kitu, nilinyamaza. Nilitaka kwanza acheze tumboni, nije Chara mwenyewe, nikuambie uso kwa uso, nione utakavyotupa mchi. Maji ya mto yakapanda, homa ikaja na maji, ikakushika. Bwana Shee alikuwa kwako, namshukuru Mungu. Ilikuwa nusu yako, na alikushika mkono. Mtumbwi niliokuwa naungoja unipeleke kwako na habari yangu ndio ulioniletea yako.

Nilikuja. Niliketi kwenye mkeka na wanawake wenzangu chumbani kwako, chini ya lile dirisha lako dogo, na kisomo kinaendelea. Hapo, Habiba. Hapo ndipo alipocheza. Kama samaki mdogo anapogeuka kwenye maji ya kina kifupi. Nikaweka mkono, nikakuambia moyoni, wewe wa kwanza kabla ya mtu yeyote. Kama wafu wanasikia, wanachuoni wana kauli mbili, nami nimezisoma zote. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuchagua upande.

Sijatoka bado kwenye mshangao ule. Kwamba ndani yetu kuna mlango unaofunguliwa siku chache kisha unafungwa, bila sauti, na anayebisha kabla au baada atasema nyumba haina mtu. Kwamba Mola aliweka na dalili yake hapo hapo, mwilini, wala si mbali. Na sisi tukaenda kuitafuta katika wino, katika hirizi, katika makosa ya mke.

Wifi anasema ni hirizi yake. Nimemwambia ni kamba ya ng'ombe, amenuna tangu Ijumaa. Jilo na Buya tunao hapa. Jilo anamnyima kila mtu mtoto. Buya anakula samaki wangu, kisha ananiambia kwa upole kwamba si hivyo mama alivyompika. Juzi amekuja jirani, analia kwamba mumewe atamwacha kwa kukosa mtoto. Sikumfungulia kitabu. Nilimuuliza juu ya utelezi wake, na mumewe hulala wapi siku hizo. Akafikiri, akasema, "Dunguni shambani, analinda mpunga usiliwe na viboko." Nikamwambia ampelekee chakula huko, na asirudi upesi. Sijamwahidi kitu. Huenda kwake kuna sababu nyingine, wala si lazima iwe yake yeye. Lakini amekwenda.

Watu wananipongeza kwamba mume sasa ni wangu peke yangu. Wananipongeza, Habiba! Nilipewa nusu, nimeachiwa mwezi mzima, na siutaki hivyo.

Kwa hiyo sikiliza, na hili sibishani na mtu. Nimemwambia Bwana Shee zamu yako haijafutwa. Nusu ile uliyobaki nayo, tangu mwezi unapoandama mpaka upevuke, tutakuwa Chara sote, yeye, mimi, wanao na dada yao. Nyumba yako itafagiliwa. Moto utawashwa jikoni kwako. Nitatwanga kwa mchi wako, vibaya, na majirani watanicheka, nami nitawajibu.

Lala kwa amani, mke mwenzangu. Mwezi unaandama Alhamisi. Tunakuja.

Mwana Esha
Kau