Yeyo, Magome Yako Yamepimwa

Yeyo,

Nilipofika kwako Kajiado mwezi uliopita niliinamisha kichwa mlangoni kama kawaida, halafu nikakumbuka hakuna tena mkono wako wa kukigusa kwa salamu. Dada yangu alikuwa jikoni. Alijifanya hakuniona nikiinama.

Mama yangu, majibu ya dawa yako yametoka. Yametoka wiki tatu baada ya kukuzika.

Siku ile kwangu Kitengela, mwanangu Naserian alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Ulikuja na magome ya olkiloriti, mti wako wa dawa ya tumbo, ukayachemsha mpaka maji yakawa mekundu. Mimi, mtu wa maabara, nikachukua sufuria nikamwaga yote kwenye sinki. Nikakuambia, "Yeyo, huo ni uchafu." Ulimbusu mtoto, ukajifunga shuka, ukarudi Kajiado. Kliniki walimpa maji ya chumvi na sukari, akapona. Nikajiona nimeshinda. Hukulala tena kwangu.

Mwaka jana daktari anayetusimamia maabara alisema tutapima miti inayotibu kuhara, akauliza nani anajua wazee wa dawa huko Kajiado. Siku nzima nilijishughulisha na kuosha chupa. Kisha nikaja. Nilidhani utanifukuza, lakini ulichukua panga tu, ukasema, "Twende kabla jua halijawa kali."

Ulibandua magome upande mmoja, mti usife. Nikaandika kila neno. "Mtu mzima nusu kikombe. Ikizidi, tumbo linafunga kabisa. Na mtoto anyweshwe maji sana, hii dawa hairudishi maji mwilini." Kalamu yangu ilisimama hapo. Ndivyo kliniki walivyoniambia. Ungeniambia siku ile, kama ningekupa nafasi.

Yeyo, tuliwapa panya mafuta ya nyonyo ili waharishe. Wengine wakapata dawa yako, wengine ya hospitali, wengine maji matupu. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha karatasi nyeupe chini ya vizimba. Chini ya panya wako karatasi zilibaki karibu kavu. Wale tuliowazidishia walivimba tumbo wakakataa kula, vile ulisema. Daktari anatukumbusha kwamba panya si watoto na kazi bado ni ndefu. Ni kweli. Lakini nilitoka nje, nikakupigia simu. Niko na namba yako bado. Nilipiga nikijua hutapokea. Haikupatikana.

Presha ilikuchukua haraka, Yeyo. Na mimi nilikuwa na siku nzima na wewe pale mtini. Tulikaa kivulini, ukanimiminia chai, neno la kukuomba radhi likanifika mdomoni. Nikakuuliza kama mvua imenyesha huko Illasit.

Kwenye ripoti walikuandika "mkazi mmoja wa Kajiado". Niliwaambia mkazi huyo ana jina. Sasa liko pale, lote, na la baba yako.

Hukusoma shule, kwa hivyo najua barua hii ni yangu mwenyewe. Jumamosi nakuja na Naserian. Nitakaa chini kando ya kaburi lako nikuambie yote kwa Kimaa, na nitaanza na kukuomba msamaha, kwa sauti, mtoto wangu akisikia.

Lala salama, Yeyo.

Binti yako